Ruta ya Antena Nane

Mvua ya alfajiri ilipopiga Kasubi, mtaa wa Kampala, transfoma ya kule chini kwa kinyozi ililia mara moja, kama mtu aliyechapwa kofi mbele ya wakwe zake. Umeme ukaondoka, ukarudi, ukaondoka tena, halafu ukarudi ukatulia kana kwamba haujafanya kitu. Majirani wengi walipata hasara ya balbu. Nyumbani kwa Rashidah liliungua boksi la intaneti.

Alilikuta ukutani taa zote zimezima, linanuka plastiki. Akalichomoa, akalichomeka. Akalitikisa. Akalipuliza kwenye vitundu vya pembeni kama anayewasha sigiri, halafu akaona aibu peke yake, maana boksi halina makaa.

"Limekufa?" akauliza Marjan, mume wake, akiwa amesimama mlangoni.

"Limekufa."

"Basi tutanunua lingine."

Alisema kwa sauti ya mtu mwenye pesa, na pesa hakuwa nazo. Marjan alikuwa dereva wa lori, Kampala mpaka Juba, hadi kiuno kilipomkataa na daktari akamwambia asibebe hata jerikeni. Tangu hapo nyumba nzima ilikula kwa mdomo wa Rashidah.

Na ilikuwa hivyo kweli, kwa mdomo. Rashidah alikuwa mkalimani. Ofisi yake ilikuwa chumba cha kulala, meza ya cherehani na mlango wenye komeo. Kuna watu wa Sudan Kusini waliochukuliwa wakaishi Amerika, wakifika hospitali hawajui Kiingereza. Daktari wa huko anabonyeza kitufe, na simu inaingia kwenye kompyuta ya Rashidah hapa Kasubi. Kinubi alichonyonya kwa mama yake na Kiarabu cha Juba ni kama ndugu waliolelewa nyumba mbili, wanaelewana hata wakigombana. Marjan alijua mke wake anatafsiri. Anatafsiri nini, hakujua. Rashidah alikuwa ameapa kutosema, na kiapo alikishika mpaka kwenye mto wa kulalia.

Shida ni kwamba wiki iliyopita umeme ulimkatikia katikati ya mgonjwa. Msimamizi wake, mwanamke anaitwa Adoch ambaye hawajawahi kuonana ila kwenye kioo cha kompyuta, alimwandikia kwa upole sana. Ukikosa zamu moja tena, alisema, nafasi yako tunampa mwingine, wako wengi wanangoja. Rashidah aliyajua maneno ya upole. Aliyatafsiri kila siku.

Zamu ilikuwa inaanza saa kumi alasiri. Na isingefaa kusema atatumia data ya simu. Mtambo wao uliikataa data ya simu, ulitaka waya.

Akapiga namba ya kampuni ya faiba, ile inayoleta intaneti kwa waya. Muziki. Mara sauti ikamwambia simu yake ni ya maana sana kwao. Muziki tena. Salio likaisha kabla hajajua ni ya maana kiasi gani.

"Achana nao hao," Marjan akasema, tayari anatafuta viatu. "Wewe pumzika, utunze koo. Hili ni jambo la mwanamume kwenda mjini."

Rashidah alitaka kumwambia angoje kidogo, ajaribu kupiga tena. Lakini alimwona anavyofunga kamba za viatu, haraka, ameinama bila kukumbuka kiuno, na muda mrefu ulikuwa umepita tangu amwone mume wake akiharakia kitu. Akamwacha aende. Huruma nayo ina hasara zake.

*

Pesa ya ruta ilitoka kwenye turubai. Lilikuwa turubai zito la lori, la mwisho katika mali ya Marjan ya barabarani. Lilikaa uvunguni likingoja siku kiuno kitakapopona. Marjan alilipeleka Nateete kwa boda, kwa madereva waliomjua, na wao wakalipapasa, wakalinusa, wakauliza kama panya hawajalila, wakampa bei ambayo huwezi kumpa mtu unayemwogopa. Mmoja alimwuliza, "Marjan, sasa umestaafu kabisa?" Akacheka pamoja nao. Pesa akazihesabu akiwa ameshafika mbali.

Duka la Hamim lilikuwa mjini, ghorofa ya pili, katika jengo ambalo maduka yake yanatoshana na makabati. Hamim alikuwa kijana Mnubi wa Bombo. Mama yake na mama yake Marjan walisuka mikeka kwenye baraza moja. Kwa hiyo alisimama, akamwamkia kwa mikono miwili, akamwachia kiti chake mwenyewe na kuagiza soda. Marjan alikunywa ile soda taratibu. Zamani watu walikuwa wanamwachia kiti.

Halafu Hamim akauliza.

"Mjomba, faiba ya kwako inaingia na waya gani? Ule mwembamba kama uzi, au ule mnene wenye kichwa cha plastiki?"

Swali la haki kabisa. Lakini Marjan alikuwa hajawahi kuuangalia ule waya. Ulikuwa nyuma ya kabati, upande wa meza ya mke wake, na upande ule aliupita kama mtu anavyopita ofisi ya watu. Sasa aseme hajui? Mbele ya mtoto aliyemwona akitambaa?

"Waya wa kawaida," akasema. "Nakaa nao nyumba moja, Hamim. Nitakosa kuujua?"

Hamim alijua kuwa hilo si jibu. Lakini kwao, kijana akimwuliza mzee jambo moja mara mbili, amemwambia mzee hajui, na habari hiyo inafika Bombo kabla ya chakula cha usiku. Akajaribu kulizunguka swali kwa nyuma. Akaweka mezani ruta mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ndogo, yenye sura mbaya, ina antena mbili zilizolegea.

"Hii ina kile kitundu cha kijani cha uzi wa faiba. Wengi wa majumbani wanachukua hii. Na bei yake ni nusu."

Marjan aliigeuza kama anavyogeuza tairi lililokwanguliwa.

"Hii ni ya mwanafunzi. Mke wangu anaongea na Amerika."

Ya pili ilikuwa nyeusi, pana, antena nane zimesimama juu kama buibui aliyelala chali. Hata kwenye boksi lake ilikuwa imepigwa picha pamoja na familia ya wazungu wanacheka. Marjan aliipima kwa mkono. Nzito. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kwamba kitu chenye nguvu kina uzito.

"Na hii?"

"Hiyo ni kali, mjomba. Nguvu iko. Ila inategemea waya."

"Nifungie hii."

Hakuomba kujaribishiwa, hakuomba risiti. Kumwomba mtoto wa nyumbani risiti ni kama kuhesabu vijiko mgeni akiondoka. Hamim akampunguzia bei bila kuombwa, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, akarudi akakaa, na moyo wake haukutulia. Aliandika ujumbe wa kumwambia apige picha ya waya akifika. Akaufuta. Angeonekana anamfundisha mzee.

*

"Ni nzuri," Rashidah alisema alipoitoa. Alimaanisha. Kwa dakika nzima walisimama pamoja wakiiangalia, na Marjan akamwonyesha antena moja moja, kila moja akiieleza ingawa zote zilikuwa sawa.

Kisha Rashidah akavuta kabati, akashika ule waya. Ulikuwa uzi mwembamba wenye kichwa cha kijani, kidogo kama punje ya mahindi. Akageuza ruta nyuma. Matundu matano, yote mapana kama pengo la jino la mbele. Akajaribu la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Ilikuwa kama kuingiza sindano kwenye kitasa cha mlango.

"Hauingii."

"Sukuma kidogo."

"Baba Zulaikha, hauingii. Hakuna kinachoshika."

Alisema polepole, na hilo lilimuumiza Marjan kuliko angefoka. Rashidah akaomba simu ya mumewe, maana ya kwake haikuwa na salio, akatoka nje ya nyumba kutafuta mtandao ulio mzuri ili apige kampuni tena. Ilikuwa imeshapita saa nane.

Marjan akabaki na waya.

Sasa, barabara ya Juba ina elimu yake. Plagi isipoingia, huiombi msamaha. Unakata kichwa, unamenya waya kwa meno, unasokota shaba kwa shaba, unafunga kwa mpira wa tyubu, na taa zinawaka mpaka mpakani. Marjan aliwahi kuendesha usiku mzima kwa taa alizofunga hivyo, na asubuhi tajiri akamwongezea posho. Mikono yake ilikumbuka. Ilikuwa na furaha hata, mikono ile, imepata kazi. Akachukua wembe.

Nje, muziki wa kampuni ulikatika na msichana akajibu. Sauti yake ilikuwa tamu. Rashidah alimweleza yote kwa haraka, kwamba boksi limeungua, kwamba ana kazi saa kumi, kwamba mume wake amenunua ruta na waya hauingii.

"Pole, nyabo," akasema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Lakini kwa nini mmenunua? Lile boksi si lenu, ni la kampuni. Likiungua tunawapa lingine bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Na leo fundi wetu yuko hapo Kasubi, anamalizia nyumba moja. Anaweza kupita kabla ya saa tisa. Nimtume?"

Rashidah alirudi ndani anakimbia, simu sikioni, mkono mwingine umeshaanza kupiga hewa kumwita mume wake aje asikie. Marjan alikuwa amechuchumaa nyuma ya kabati. Kichwa cha kijani kilikuwa kwenye sakafu. Mkononi alishika ncha ya uzi, ameumenya vizuri, usafi wa fundi, na alikuwa anauangalia kwa karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ndani hamna shaba," akasema. "Ni kioo. Nywele ya kioo."

"Nyabo?" Msichana akaita. "Nimtume?"

Sauti iliyomtoka Rashidah ilikuwa ile ya kazini, iliyonyooka. "Dada, na waya ukiwa umekatika?"

"Umekatika wapi, barabarani?"

"Hapana. Ndani. Kwetu."

Vidole vikasikika vinapiga kompyuta. Kuunga uzi ule, msichana alieleza, kulihitaji fundi mwingine mwenye mashine yake, na huyo alikuwa amejaa mpaka Jumanne. Tena kwa kuwa haukukatwa na kampuni, kungekuwa na malipo. Akauliza kama kuna kingine cha kumsaidia. Akamtakia siku njema.

Rashidah hakupiga kelele. Angepiga, Marjan angekuwa na mahali pa kujifichia. Alikaa kwenye kiti chake cha kazi, mbele ya kompyuta ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu, akaweka mikono juu ya meza.

"Nitairudisha ruta," Marjan akasema. "Hamim atanielewa."

"Irudishe."

"Alitaka kuniambia, yule mtoto. Mimi ndiye sikutaka aseme."

Rashidah akafunga macho. Binti yao, Zulaikha, alikuwa shule ya bweni kwa mdomo huu. Dawa za kiuno kwa mdomo huu, na nyumba, na unga. Alijaribu kufikiri ni nani Kasubi nzima ana waya ukutani, na jibu lilikuwa limekaa karibu sana, ukuta mmoja tu, na ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa analizunguka.

*

Nakhisa, jirani yao, alikuwa Mkenya wa Bungoma, anayepika chapati za kuwauzia mafundi wa nyumba. Mwaka jana watoto wake walikuwa wanatumia intaneti ya Rashidah kupitia ukutani, kwa wema, mpaka siku Rashidah alipoona simu za wagonjwa zinakwamakwama. Akabadilisha paswadi. Hakusema. Nakhisa alijua alipomwona mwanawe Ondiek amesimama na simu ukutani kwa watu, ameinua mkono, anatafuta kitu ambacho hakipo tena. Naye hakuuliza. Aliingiza faiba yake kwa hasira, na mpaka leo anailipa kwa chapati.

Alikuwa anakanda unga pale Rashidah alipofika mlangoni.

"Mama Zulaikha," akasema bila kuacha kukanda. "Umekuja kunipa paswadi?"

Rashidah alikuwa ameandaa maneno. Akaanza kupiga magoti badala yake, kama wanawake wa Kiganda wanapoomba.

"Wewe, usinipigie magoti, mimi si Muganda." Nakhisa akafuta mikono kwenye kanga. "Sema."

Akasema. Alipofika kwenye wembe, Nakhisa alikaza midomo isicheke, na hakufaulu sana. Akauliza zamu ni saa ngapi. Akaangalia saa ya simu. Chumba chake kilikuwa kimoja, na nyuma ya pazia alilala Oyugi, mume wake, askari wa kulinda baa moja Kansanga ambaye usingizi wake wote ulikuwa wa mchana.

"Mimi ulinifungia bila kuniambia," Nakhisa akasema. "Ungegonga tu ukasema, Nakhisa, toa watoto wako, nina kazi. Ningekutukana, yangekwisha."

"Nilikuwa naona aibu."

"Na leo?"

"Leo naona zaidi."

Nakhisa akamtazama kidogo, kisha akavuta pazia. "Oyugi. Amka. Hapa pamekuwa hospitali."

Oyugi alitoka na singlendi, ile fulana ya ndani, na blanketi begani, hajui kafukuzwa na nani, akakaa kwenye ngazi ya nje. Wakatandika shuka juu ya sufuria ili kamera isizione. Wakahamisha beseni la unga. Rashidah akaleta kompyuta, akachomeka waya wake kwenye boksi la Nakhisa, mwenyewe akimshikia. Zilibaki dakika chache. Uso wa Adoch ukatokea kwenye kioo.

"Chumba kimebadilika," Adoch akasema.

"Kimebadilika."

"Uko peke yako? Mlango umefungwa?"

Nakhisa alikuwa anatoka kwa kunyata, beseni kichwani. Akauvuta mlango nyuma yake kwa kidole kimoja.

"Umefungwa," Rashidah akasema.

Kulikuwa na malalamiko mawili juu ya jina lake, Adoch akamwambia, na simu ya kwanza leo itasikilizwa na wakubwa. Ikikatika, au ikiingia sauti ya mtu mwingine, yeye hataweza kufanya kitu. Kisha simu ikalia.

*

Nje, Marjan alikuja akakaa kando ya Oyugi. Dirisha lilikuwa juu ya vichwa vyao, na kioo chake kimoja kilikuwa kadibodi, kwa hiyo sauti ya Rashidah ilitoka yote. Oyugi hakuelewa Kinubi, akaendelea kusinzia. Marjan alielewa.

Mkalimani haongei kama mpeleka habari. Anaongea kana kwamba ndiye mwenye maneno. Marjan hakujua hilo. Akasikia mke wake anasema kwa Kinubi, kwa sauti ya taratibu ambayo hajawahi kuisikia: mimi ni daktari wako, nimeangalia picha za mguu wako, naomba unisikilize, mguu huu hatuwezi kuuokoa. Halafu kwa Kiingereza, sauti ileile ikawa ya mwanamume mzee, na Marjan, kwa Kiingereza chake cha mpakani, akashika vipande. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba. Nyumbani watanifanya nini mimi.

Akainuka. Hakutakiwa kusikia, na sasa alielewa komeo lilikuwa la nini. Akamshika Oyugi mkono, akamwongoza mbali na dirisha mpaka kwenye kichochoro. Wakiwa wanafika huko ndipo spika ikasikika.

Ilikuwa pikipiki, imefungwa maboksi nyuma, na juu ya maboksi spika kubwa ya bati. Ilikuwa inapiga kelele kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili, dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende, panya anakula anakufia mbali, na ilikuwa inapanda moja kwa moja kuelekea dirisha la kadibodi.

Marjan akaenda akasimama katikati ya njia, mikono juu. Pikipiki ikasimama tairi likigusa suruali yake.

"Zima, mwanangu. Zima."

Muuzaji, jamaa mwembamba mwenye kofia ya sufu, akazungusha ufunguo. Spika ikazima. "Muzee, unataka kufa?"

"Kuna mgonjwa."

Muuzaji akaangalia nyumba kwa heshima. "Yuko ndani?"

"Hapana. Yuko Amerika."

"Na spika yangu inafika huko?" Ilionekana kidogo kama amefurahi.

Marjan alimwomba apite bila kelele. Haikuwezekana, jamaa akaeleza. Spika ilifungwa kwenye betri ya pikipiki moja kwa moja, fundi alikula pesa ya swichi. Piki ikiwaka, inaongea. Kuisukuma hawezi, ni mlima. Kurudi nyuma, ndiko alikotoka. Na akisimama hauzi, na asipouza watoto hawali. Alisema bila ubaya, mkono uko kwenye ufunguo.

Marjan akaingiza mkono mfukoni. Kilichobaki cha turubai kilikuwa nauli ya kupeleka ruta mjini na kurudi tu.

"Pakiti ni ngapi?"

"Elfu moja."

"Nipe moja. Lakini kwanza nieleze inavyofanya kazi."

Muuzaji akaeleza. Marjan akauliza kama inafaa kwa panya wakubwa, na wakubwa ni wa kiasi gani, wa hapa Kasubi au wa sokoni. Oyugi, aliyeanza kuelewa mpango, akauliza juu ya kunguni kwa urefu sana. Marjan akanunua ya pili. Akayasoma maandishi yake yote, mpaka mahali pa tahadhari. Akanunua ya tatu.

"Muzee, wewe una panya wangapi?" akauliza muuzaji. "Niache niende, jua linashuka."

Kule dirishani Rashidah alikuwa anaongea Kinubi. Alikuwa anamwuliza mtu, polepole, kama kuna mwenzake nyumbani wa kumshika mkono. Halafu akangoja jibu.

Mkono wa muuzaji ukarudi kwenye ufunguo.

Marjan akatoa noti ya mwisho, akainyoosha kwenye paja ili ionekane nzima.

"Ongeza moja," akasema.